Huyu Mbona Hana Mzigo?

Bibi yangu mzaa mama alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Alitoka Rufiji na mkoba mmoja, kanga mbili na jicho la kulia lililokuwa limefunga ukungu kwa miaka. Siku ya tatu baada ya kufunguliwa bandeji aliniambia, "Mjukuu wangu, hebu nitembeze niuone mji kabla sijarudi kwetu." Nikampandisha mwendokasi, tukashuka Posta ya Zamani, nikamshika mkono tukapanda taratibu Mtaa wa Azikiwe mpaka pale unapokutana na Mtaa wa Samora. Nilitaka aanze na Sanamu ya Askari.

Unaifahamu hata kama hujawahi kusimama kuitazama. Askari wa shaba yuko juu ya jiwe, ameinama kidogo kama anayenyemelea kitu, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Magari yanamzunguka mchana kutwa. Wazee wa mjini bado wanaiita Bismini. Bibi aliitazama kwa jicho lake jipya, akaizunguka upande wa kivuli, akaitazama tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni askari wa Vita Kuu ya Kwanza, Bibi. Hana jina. Anawawakilisha wote."

Akanyamaza kidogo. "Huyu mbona hana mzigo?"

Nikacheka. "Askari habebi mzigo, Bibi. Anabeba bunduki."

"Sasa mzigo wake alibeba nani?"

Nilipomtazama nikaona hafanyi utani. Hapo ndipo aliponisimulia habari ambayo katika miaka yangu yote sikuwahi kuisikia. Baba yake alichukuliwa wakati wa vita hiyo, akiwa kijana ambaye hajaoa, akaenda kubeba mizigo ya jeshi. Bibi hakujua kama lilikuwa jeshi la Mjerumani au la Mwingereza. Kwake walikuwa "Wazungu wa vita" tu. Kijana yule alirudi baada ya muda mrefu, akaoa, akazaa, akalima mpunga mpaka uzeeni. Ila shingo yake haikugeuka tena. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, aligeuka mwili mzima.

Nimeupita Mtaa wa Samora mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Baada ya siku ile nilianza kuutembea upya, polepole, kuanzia Mnara wa Saa upande wa magharibi hadi kwenye bustani upande wa mashariki, nikitafuta ni nani mtaa huu unamkumbuka na ni nani unampita.

*

Kwa miguu, mtaa wote hauchukui hata nusu saa. Mnara wa Saa ulijengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupata hadhi ya jiji mwezi Desemba 1961, siku zilezile za Uhuru. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Sultan Majid bin Said wa Zanzibar aliuanzisha miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, akafa mwaka 1870 kabla ndoto yake haijakamilika. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na ndio waliounyoosha mtaa huu wakaupa jina la Unter den Akazien, yaani Chini ya Migunga, kwa kuiga mtaa maarufu wa Berlin unaoitwa kwa miti ya kwao. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 walibadilisha majina mengi ya Kijerumani, lakini hili walilitafsiri tu: Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ukawa Independence Avenue. Kisha likaja jina la Samora Machel.

Majina manne kwa mtaa mmoja ndani ya karne moja. Wawili walioutawala mji kwa nguvu waliuita kwa miti. Sisi tuliuita kwanza kwa tukio letu, halafu kwa mtu wa jirani.

Lakini ukiutembea utagundua kwamba mtaa una kumbukumbu nyingine, isiyoandikwa kwenye vibao. Upande wa Mnara wa Saa nyumba zimebanana: chini maduka, juu makazi yenye roshani nyembamba, na baadhi bado zina majina ya familia za Kihindi na mwaka wa ujenzi kwenye paji la uso wake. Ukivuka Barabara ya Morogoro na kuendelea mashariki, majengo yanakuwa ya ofisi, hoteli na benki. Mbele zaidi nafasi inaongezeka, miti inaongezeka, na hewa ya bahari inakufikia. Si bahati nasibu. Tangu enzi za Wajerumani mji uligawanywa kwa kanda, na Waingereza wakaendelea na mpango huohuo. Sheria zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa kila kanda, hivyo hazikulazimika kutaja rangi ya mtu. Nyumba za mtindo wa Kizungu zilikuwa mashariki, karibu na upepo: Uzunguni. Nyumba za biashara zilikuwa katikati: Uhindini. Nyumba za udongo na makuti zilikuwa ng'ambo ya uwanja ulioachwa wazi makusudi, uwanja ambao leo ni Mnazi Mmoja. Ng'ambo ile ndiyo Kariakoo.

Kwa hiyo mtaa huu ulianzia Uhindini ukaishia Uzunguni. Mwafrika aliupita asubuhi akienda kazini na jioni akirudi kwake. Nyumba ya kwake haikuwa juu yake.

*

Samora mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa muuguzi kijana aliyetoroka Msumbiji ya Wareno ili ajiunge na FRELIMO, chama kilichoundwa hapa hapa Juni 1962. Ofisi za chama zilikuwa Mtaa wa Nkrumah, ule unaoanzia jirani na Mnara wa Saa. Kutoka hapo alikwenda mafunzoni Algeria, akarudi kwenye kambi za Kongwa na Nachingwea, na baada ya Eduardo Mondlane kuuawa kwa bomu la kifurushi katika mji huu tarehe 3 Februari 1969, hatimaye yeye akashika uongozi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Alikufa kwenye ajali ya ndege Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Kwa hiyo jina lililo kwenye kibao si la mgeni wa kiheshima aliyepita na msafara. Ni la mtu aliyewahi kuwa mkimbizi wetu.

Siku hizo katikati ya mji palijaa watu wa namna yake, Waangola, Wazimbabwe, Wanamibia, Waafrika Kusini, wakisubiri barua, fedha, pasipoti au silaha. Na mtaani humu palikuwa na Tanzania Publishing House, TPH, iliyoanzishwa mwaka 1966. Mwaka 1972, wakishirikiana na wachapishaji wa Bogle-L'Ouverture wa London, walitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Rodney alikuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu hicho kimesomwa dunia nzima. Asili yake ni mlimani kule na mtaani hapa. Wengi wetu tulikisoma kwa nakala za fotokopi bila kujua kwamba tunapita mlangoni pa waliokichapa.

Nakumbuka somo moja la kitabu hicho lililonikaa: ukitaka kujua utajiri umetoka wapi, tafuta aliyeubeba. Hayo ni maneno yangu, si yake, lakini ndivyo nilivyomwelewa. Ndipo niliporudi kwa askari wa Bibi.

*

Kabla ya askari huyu, mji ulikuwa na sanamu nyingine: Hermann von Wissmann. Alitumwa mwaka 1889 kuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Baadaye Wissmann akawa gavana. Jeshi lake la kwanza alilikusanya mbali: Wasudani aliowaajiri Misri, na wengine kutoka kusini mwa Msumbiji, upande uleule alikozaliwa Samora miaka mingi baadaye. Sanamu yake ilimwonyesha amesimama juu, mkono kwenye upanga. Chini yake palikuwa na askari Mwafrika aliyemwinulia macho, akiilaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyeuawa.

Waingereza waliing'oa wakaipeleka kwao kama ngawira ya vita. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikainuliwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, na tangu hapo haikusimama tena. Ni jambo la kufikirisha kwamba wakati vijana wa Hamburg wanafunga kamba shingoni mwa Wissmann, mtaa wetu ulikuwa umejaa vijana wa kusini wanaojiandaa kuwang'oa Wareno.

Askari wa sasa alizinduliwa mwaka 1927. Alichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na kumiminwa kwa shaba jijini London, na maneno ya kwenye jiwe yalitungwa na Rudyard Kipling. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili hicho kikiwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Hakuna tena bwana aliyesimama juu ya askari, na wengi tunaridhika na mabadiliko hayo. Lakini tazama sare: ni askari wa Mwingereza. Vijana wengi wa nchi hii walioshika bunduki katika vita ile walikuwa upande wa Mjerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, aliyesalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Mshindi alisimamisha askari wake katikati ya mji wa aliyeshindwa. Sisi tuliurithi mji pamoja naye, tukamfanya wetu.

Sasa swali la Bibi. Vita ya Afrika Mashariki haikupiganwa kwenye mahandaki kama ya Ulaya. Ilikuwa vita ya kutembea. Reli zilikuwa chache, barabara karibu hakuna, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25: risasi, unga, mahema, vipande vya bunduki za rashasha. Na mpagazi naye anakula. Msafara ukiwa mrefu, sehemu kubwa ya mizigo inakuwa chakula cha wanaobeba mizigo, kwa hiyo wanahitajika wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Ndiyo maana idadi ilipanda kiasi kile. Upande wa Waingereza peke yake watu karibu milioni moja walitumika kama wapagazi katika vita hii, wengi kwa kukamatwa, na waliokufa wanazidi 90,000. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria, njaa na mvua. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Maandishi ya kwenye jiwe yanawataja. Kipling anawafananisha na viungo ambavyo jeshi lisingeweza kwenda bila hivyo. Anayesoma atawakuta, wakiwa nyuma ya wanaopigana. Shaba, ambayo hata asiyejua kusoma anaiona, iliwaacha. Na haikuwa lazima iwe hivyo: huko Nairobi kuna sanamu ya familia moja na hii, ya mchongaji huyohuyo, na ina watu watatu. Mmoja wao ni mpagazi. Bibi, ambaye hakuwahi kufika Nairobi wala kusoma maandishi ya Kipling, aliona kwa jicho moja pengo ambalo mimi nililipita miaka yote.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiutumikia ufalme katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Niliisoma habari hiyo siku ilipotoka, nikaisambaza, nikaisahau. Wakati ule sikujua kwamba mtu wa nyumbani kwetu alinusurika kidogo tu kuwa mmoja wao.

*

Mwisho wa mtaa ni mtulivu. Kuna Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Kuna Ukumbi wa Karimjee lilikokaa Bunge la mwanzo. Kuna Makumbusho ya Taifa kwenye Mtaa wa Shaaban Robert, na inapendeza kwamba mtaa ulioanza na saa unafika kwa mwandishi.

Ukigeuka ukatazama ulikotoka, unaona vioo vya ghorofa vimeupita urefu kila kitu cha zamani. Majengo mengi ya Kijerumani na ya Kihindi yamekwenda. Jengo la Salamander, walikokunywa kahawa watu wa vizazi viwili vitatu, halipo tena. Tunapenda kulaumu wenye viwanja, na wana lawama yao. Lakini sheria nayo ina kasoro. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linahitaji kutangazwa rasmi. Dar es Salaam ilikuwa ndiyo kwanza inaanza miaka hiyo. Maana yake, karibu mtaa wote huu ni mchanga mno kuitwa wa kale, na kila ukuta wake unangoja mtu wa kuutetea kwa jina.

Kutetewa kwa jina ndiko hasa wapagazi walikokosa. Wissmann alikuwa na jina na sanamu. Askari hana jina, ana sanamu. Mpagazi hakupata hata kimoja mtaani humu. Alichopata kiko ng'ambo ya Mnazi Mmoja, pale palipokuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps. Midomo ya watu iliyageuza maneno hayo yakawa Kariakoo. Hakuna aliyekaa kikao kupitisha jina hilo. Utawala ulijenga sanamu, watu wakahifadhi neno, na neno ndilo linalotajwa na makondakta maelfu ya mara kwa siku.

Nilimweleza Bibi hayo tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha bustani. Alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya kanga. Mwisho akasema, "Basi nipeleke huko. Na kanga nikanunue hukohuko."

Kariakoo ilikuwa Kariakoo. Tulipofika karibu na soko, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, sauti ikatoka nyuma yetu: "Mzigo! Mzigo huo! Pisha mama!" Nikamvuta Bibi pembeni. Kijana akapita, robota la vitambaa kichwani, mikono miwili juu, macho mbele, shingo imekaza kama mti. Hakugeuka. Asingeweza kugeuka. Bibi alimfuata kwa jicho mpaka akamezwa na umati, na hata baada ya hapo aliendelea kutazama upande ule.

Hakusema neno, nami sikuongeza. Tulinunua kanga, akabishana na muuzaji mpaka bei ikashuka, tukapanda gari kurudi nyumbani. Njiani nikamuuliza jina kamili la baba yake. Alinitajia majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake, na kijiji walikomchukua. Sikuwa na daftari. Niliyaandika nyuma ya kadi yake ya kliniki, kwa herufi kubwa, naye akaichukua, akaisogeza karibu na jicho lake jipya, akanisahihisha herufi moja.